Aliyeosha Anywe Kwanza

Kila asubuhi, kabla koki za kiwanda hazijafunguliwa, shangazi yangu huchukua glasi moja ya kioo iliyojaa maji ya kwanza ya siku na kuyanywa yote akiwa amesimama, mbele ya watu walio kwenye foleni. Hanywi kwa haraka. Akimaliza huigeuza glasi juu chini ili kila mtu aone kwamba halikubaki hata tone, kisha husema, "Nimekunywa. Nikianguka, msinikanyage." Hapo ndipo koki hufunguliwa na ndoo huanza kusogea.

Mtaani wanamwita Mama Glasi. Jina hilo alilitunga mama yangu, ambaye ni wifi yake, muda mfupi baada ya shangazi kuachwa na mumewe kwa kukosa mtoto. "Kila mwanamke na wake," mama alisema mbele ya wateja. "Huyu mtoto wake ni glasi. Halii, hakui, na akivunjika ananunuliwa mwingine." Watu walicheka. Shangazi naye alicheka, akaigonga glasi kwa ukucha ikalia kling, akasema, "Afadhali wangu, wifi. Ukimgonga anatoa sauti. Wako mpaka leo hajasema neno." Mtoto huyo asiyesema neno nilikuwa mimi.

Kiwanda ni cha baba. Kukiita kiwanda ni kukivisha kilemba cha ukoka. Ni banda la mabati lililojengwa kwenye kiwanja alichoacha babu, lenye pampu inayovuta maji ya mto, tangi kubwa la saruji, na safu ya koki upande wa barabarani. Ndani ya tangi husimama mabamba, moja kando ya jingine kama vitabu kwenye rafu. Kila bamba limevikwa utando pande zote mbili, mweupe na mwembamba kama ile ngozi iliyo ndani ya ganda la yai. Pampu hunyonya maji kupitia utando huo. Maji hupita, tope na vijidudu hubaki nje.

Taabu ni hicho kinachobaki nje. Hakiondoki. Uchafu una tabia ya mgeni mbaya: ukishapata pa kukaa, unawaita na wenzake. Vijidudu hujishikiza kwenye utando, huzaana, hutoa ute wa kijani unaoteleza kama kamasi, na ute huo hunasa tope. Baada ya muda utando huziba na pampu huanza kukoroma. Ikawa lazima mtu ayatoe mabamba tangini, ayalaze mezani na kuyasugua kwa brashi na maji ya klorini mpaka weupe urudi. Mtu huyo alikuwa shangazi. Klorini ilimla ngozi ya vidole hadi mistari yake ikafutika. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, kidole gumba chake hakikuacha alama, na karani akamuuliza kama ana uhakika kwamba yeye ni mtu.

Mwoshaji aliyekuwapo kabla yake alikuwa mwanamume mmoja mvivu, aliyeyamwagia mabamba maji juu juu kisha akaenda kulala. Mwaka huo kuhara kuliingia mtaani na watoto wakazikwa. Wanawake walikuja getini na ndoo tupu, hawakupiga kelele. Waliweka sharti moja tu: aliyeosha anywe kwanza, mbele yetu. Yule mwanamume alitoroka siku hiyo hiyo. Baba akatazama kulia na kushoto, akamwona dada yake, aliyekuwa amerudishwa kwao na kiroba kimoja cha nguo.

"Dada," akamwambia, "wewe huna anayekutegemea. Osha wewe."

Usaili wa kazi ulikuwa huo. Pamoja na kazi alipewa chumba kilicho nyuma ya tangi, chenye ukuta unaotoka jasho mwaka mzima. Tangu siku ile baba alisema wazi kwamba chumba si cha dada yake. Ni cha mwoshaji.

Watu waliuamini mdomo wa shangazi, lakini si kwa kumpenda. Hapendeki. Mwanamke akija na ndoo yenye ukoko atamuuliza, "Hii umeiokota au umeizaa?" Wakati mmoja aliajiriwa msichana wa kumsaidia. Siku ya pili msichana aliacha ute kwenye pembe ya bamba. Shangazi aliukwangua kwa ukucha, akampaka mdomoni. "Onja unachotaka kuwanywesha wenzio," akamwambia. Msichana alitapika pale pale na hakurudi tena.

Walimwamini kwa sababu siku moja alitema. Kulikuwa na bamba lililochanika bila kuonekana. Shangazi aliinua glasi kama kawaida, akapiga funda la kwanza, akalitema chini mbele ya foleni nzima. Watu waligeuza ndoo zao wakaondoka. Baba alitoka akanywa glasi yake mwenyewe, akanywa nyingine, akaapa kwamba maji ni mazima. Hakuna aliyegeuka. Hata bamba lilipobadilishwa, watu waliendelea kupita mbali na kiwanda hadi waliposikia kwamba Mama Glasi kanywa na kumeza. Siku zile baba alitembea kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini, na dada yake hakumsamehe kwa jicho la lawama alilomtupia.

Mhandisi alikuja wakati wa kiangazi. Alitoka kwenye taasisi ya utafiti, kijana mpole mwenye miwani, na mabamba mapya aliyoyafunga kwa vitambaa vibichi kana kwamba ni majeruhi. Yalikuwa ya majaribio. Yangekaa kiwandani hadi mvua ziishe, na kama hayangeziba, taasisi ingeleta seti nzima.

Baba alimwita shangazi aje asikilize. Mama naye akasogea na chupa zake alizokuwa akizijaza maji ya kuuza, maana penye habari hakosekani.

"Huu utando umepakwa chembe za nano," mhandisi alisema. "Ni ndogo mno, mama. Unywele wako mmoja, ukiusimamisha karibu na chembe hizo, ni kama nguzo ya umeme."

"Zinaua wadudu?" shangazi aliuliza.

"Kazi yake kubwa si kuua. Zinapenda maji. Maji yanazikumbatia, yanatandaa kama shuka jembamba juu ya utando. Uchafu ukija unakuta shuka, haupati pa kushika. Tunapuliza viputo vya hewa kutoka chini, vinausukuma, unakwenda zake."

"Kwa hiyo uchafu unapita mlangoni bila hata hodi."

"Umepatia. Ila ninakuomba kitu kimoja, mama. Brashi isiguse hapa hata kidogo, na klorini kali iwe mbali. Tabaka hili ni jembamba sana. Ukilisugua linatoka, na likitoka halirudi."

"Basi mwoshaji wa nini tena?" mama aliuliza huku akifunga kizibo.

Mhandisi hakujua yuko kwenye nyumba ya namna gani. Akacheka. "Hapo ndipo penye raha yake. Mwoshaji anapumzika."

"Chumba kile kingenifaa kwa chupa zangu," mama akasema, kama anayeongea na chupa.

"Wifi," shangazi akamwambia, "mgonjwa hajakata roho, wewe umeshapima sanda."

Wote wakamtazama baba. Baba alikuna kidevu. "Tutaona," akasema.

Mabamba yale yalifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Pampu iliacha kukoroma, ikawa inanong'ona. Maji yalitoka kwa nguvu kwenye kila koki, na mabamba yalipochunguliwa ndani ya tangi yalikuwa meupe kama yalivyokuja. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani. Mikono ile ilikuwa imezoea kuloa. Ilipokauka ngozi ilipasuka, akawa anailamba kama paka.

Foleni ya asubuhi ya kwanza ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alisimama muuza mkaa, jirani yetu, mwanamume wa makamo asiyepitwa na neno.

"Nani kaosha?" akauliza.

"Haya hayaoshwi," baba akamjibu. "Ni ya kisasa."

"Sikuuliza ni ya lini. Nimeuliza nani kaosha."

"Hakuna."

"Basi nani anakunywa?"

Macho yote yalimgeukia shangazi. Glasi alikuwa nayo mkononi, safi, tupu. Hakuondoka alipokuwa amekaa.

"Mimi sikuosha," akasema. "Nitakunywaje?"

Lilikuwa sharti lao wenyewe, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa kulishika. Baba alimkazia macho. Shangazi akaanza kuilamba mikono yake. Kabla ya jua kupanda, mtaa mzima ulishajua kwamba maji ya kiwandani yana vitu visivyoonekana, kwamba vikiingia mwilini havitoki, vinawamaliza wanaume nguvu na kufunga vizazi vya wanawake. Mwanamke mmoja, mshonaji, akapaza sauti kutoka nyuma ya foleni: "Mpeni Mama Glasi ajaribu. Tumbo lake lina nini cha kuharibika?"

Kicheko kilienda kutoka mbele hadi nyuma. Shangazi alicheka pamoja nao, lakini glasi hakuijaza. Watu wakaenda kununua maji ya mikokoteni, ambayo hakuna aliyejua yametekwa wapi.

Hali ikawa hiyo mpaka baba alipochoka. Jioni moja alimfuata shangazi pale kwenye ndoo yake. Nilikuwa stoo, nikipanga vizibo.

"Kesho utayatoa mabamba, uyaoshe mbele yao. Halafu unywe."

"Mhandisi kasema yasiguswe."

"Mhandisi hanunui maji hapa. Pitisha tu brashi, waone."

"Kupitisha tu?"

"Juu juu, dada. Maonyesho."

Baba aliomba kitu ambacho dada yake hakuwa nacho. Juu juu ndiyo iliyowazika wale watoto, na juu juu ndiyo iliyomfukuza mwoshaji wa kwanza. Tena sasa alikuwa akiosha ili chumba kisimponyoke. Kesho yake aliburuta meza mpaka getini, akalaza bamba jipya, akachovya brashi yake ya zamani kwenye klorini, ile ile yenye nywele ngumu, na akasugua kama anayemwogesha mtoto mkaidi. Povu liliruka mpaka barabarani. Alipomaliza alikunywa, akageuza glasi, akasema maneno yake. Foleni ikashusha pumzi.

Kufikia mwisho wa juma foleni ilikuwa ndefu kuliko zamani. Watu waliwahi mapema kumtazama. Walimwelekeza: "Mama Glasi, pale pembeni." "Rudia hapo katikati, kuna kivuli." Yule mshonaji ndiye aliyekuwa na macho makali kuliko wote. Hakuna kona aliyoisamehe. Shangazi aliwatukana na kusugua, na mikono yake ikaloa tena, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimsikia akiimba chumbani kwake. Aliimba vibaya sana. Mama alimwambia kwamba kama ndiyo hivyo bora angekuwa amelia.

Kisha mvua zikaja, na mto ukaleta kila ulichokikuta njiani.

Utando wa zamani ungehimili siku kadhaa za tope kabla ya kuziba. Huu mpya, uliokuja ukiwa hauguswi na uchafu, sasa uliziba kabla ya adhuhuri. Ute uliung'ang'ania kuliko ulivyowahi kuung'ang'ania wa zamani. Shangazi aliusugua kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyosugua ndivyo ulivyowahi kuziba. Lile tabaka jembamba lilikuwa limekwisha, limeisha kwa brashi, kidogo kidogo, mbele ya macho ya mtaa mzima. Chini yake palikuwa na kitu kikavu chenye mikwaruzo, na uchafu hupenda mikwaruzo. Hilo shangazi hakulijua. Alidhani ni uvivu wa mkono wake. Koki zikaanza kutoa maji membamba kama uzi, na pampu ikarudia kukoroma.

Mhandisi alituma ujumbe kwamba anakuja.

Asubuhi ya siku ile, kabla hajafika, baba aliingia kwenye chumba cha shangazi na kufunga mlango. Hakuwahi kuingia humo tangu alipompa. Alikaa kitandani. Yaliyosemwa humo nimeyasikia kwa shangazi mwenyewe, na nilipomgusia mama hakuyakana. Alicheka tu, akasema baba yako akitaka kitu ulimi wake unachuruzika asali.

"Dada yangu," baba alimwambia. "Wakijua mimi ndiye niliyeamuru, seti nzima imetuponyoka, na watu wameshazoea maji mengi. Lakini ukisema ni wewe, kwa kutojua, nani atamkasirikia mwanamke ambaye hajasoma? Nisitiri leo. Nisitiri, na chumba hiki ni chako mpaka siku ya kukubeba."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama."

Shangazi alimlea. Mama yao alipokufa baba alikuwa hajaota meno ya pili, na aliyembeba mgongoni ni huyu. Alimwangalia pale kitandani, akaona kwamba anaogopa kweli, akasema, "Haya."

Mimi sikuwapo mhandisi alipofika, nilikuwa nimerudi chuoni. Lakini muuza mkaa alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na yeye akisimulia huna haja ya kuwapo.

Mhandisi alilaza bamba juu ya meza ile ile ya getini. Akatoa kichupa, akadondosha tone la maji kwenye ukingo, kando ya fremu, mahali ambapo brashi haifiki. Tone lilitandaa likapotea. Akadondosha jingine katikati ya bamba. Hilo lilijikunja likasimama, duara, kama shanga.

"Mnaona," akasema. "Pembeni tabaka lipo, maji yanalipenda. Katikati halipo. Halijaharibika lenyewe. Limesuguliwa." Akainua macho. "Nani kasugua?"

Kila mtu kwenye foleni aliangalia ndoo yake.

"Dada?" baba akasema, kwa sauti laini ya mtu anayeshangaa. "Si uliambiwa?"

Hayo hayakuwa kwenye makubaliano. Muuza mkaa anasema shangazi aliligeukia lile neno kama mtu aliyeguswa begani na asiyemjua. Kisha akamgeukia mhandisi.

"Nilisugua."

"Kwa nini, mama? Nilikueleza vizuri kabisa."

"Sikuelewa, mwanangu."

"Sikuelewa" lilikuwa neno ambalo mtaa haukuwahi kulisikia mdomoni mwake, na ni kama lilifungua bomba.

"Tulimwona kila siku," akasema mmoja.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nashangaa."

"Haambiliki huyo," akasema mshonaji. "Mbishi toka zamani. Sasa ona, ametukosesha maji."

"Nimemkataza mpaka koo limenikauka," mama akamalizia.

Mhandisi hakukasirika. Alifuta miwani yake kwa shati. Alisema ataandika kwamba kosa si la utando, na kwamba seti mpya inaweza kuja, kwa sharti kwamba huyu mama asilikaribie tangi tena. Alisema samahani. Nadhani alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa amepoteza kazi ya miaka kwa brashi moja, na hakuna aliyemwambia ukweli.

"Hilo halina tatizo," baba akajibu upesi. "Hata leo."

Shangazi alimsubiri amalizie.

"Umesikia, dada. Chumba ni cha mwoshaji, na mwoshaji hatuna tena."

"Uliapa kwa kaburi la mama," shangazi akasema, taratibu, ili asikie yeye tu.

"Mama alishakufa," baba akasema.

Kuna mtu kwenye foleni alicheka. Muuza mkaa huapa kwamba hakuwa yeye.

Shangazi alitoa vitu vyake mwenyewe: godoro, jiko, kile kiroba cha nguo, na brashi. Kitanda kilikuwa bado kimekwama mlangoni wakati mama alipoanza kuingiza maboksi ya chupa kwa kuyapitisha juu yake.

"Wifi, nilidhani utangoja nipoe."

"Kwa mvua hii utapoa njiani," mama akamwambia.

Muuza mkaa alimpa pembe ya ua wake, nyuma ya magunia, akaizungushia turubai. Si kwamba ana huruma nyingi. Anasema alimpa kwa sababu alitaka kuona itaishaje. "Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao," huwaambia wateja wake. "Huyu janga alichumiwa na wa kwao, akaachiwa alile peke yake." Ameshaisema mara nyingi kiasi kwamba sasa watu humaliziana maneno. Shangazi huisikia kutoka nyuma ya turubai. Nguo zake zote zimekuwa nyeusi. Ila vidole vimepona. Bila klorini, mistari imeanza kurudi, na angeweza sasa kwenda kuandikishwa kitambulisho kama angekuwa na anwani ya kuandika.

Seti mpya ilikuja mvua zilipokatika. Lazima niseme ukweli, ni maji mazuri. Sijawahi kuona mazuri kama hayo mtaani kwetu. Hakuna brashi iliyoingia tena ndani ya lile banda. Viputo hupanda usiku na mchana, uchafu huteleza na kwenda zake, na utando ni mweupe vile vile. Kuhara kumepungua hata kwa wale wanaokunywa bila kuchemsha.

Lakini asubuhi ya kwanza foleni ilisimama na kungoja. Baba akanywa. Walimtazama kama mtu anayekunywa dawa yake mwenyewe, hawakusogea. Mama akanywa. "Huyu hata sumu ingemwomba radhi," alisema mtu, wakacheka, hawakusogea. Wakageuza ndoo zao, mmoja baada ya mwingine.

Jioni yake baba alikwenda kwenye ua wa muuza mkaa. Hakukaa, maana kila kitu pale kinapaka.

"Dada, njoo unywe tu. Nitakupa ndoo moja bure kila siku."

"Sikuosha."

"Hawatauliza."

Muuza mkaa, aliyekuwa akijifanya anafunga gunia, alisubiri kuona mate yakiruka. Shangazi aliuliza kama glasi ni ile ile. Baba akasema ni ile ile. Basi akasema atakuja.

Na kweli hawakuuliza. Sharti lililowekwa juu ya watoto waliozikwa limebaki mdomo mtupu: aliyeosha hayupo tena, anywaye yupo, na hiyo imewatosha. Shangazi huja alfajiri na ndoo yake, husimama mwisho wa foleni kama mtu mwingine yeyote. Mama humwita mbele kwa lile jina. Kwa kuwa haruhusiwi kulikaribia tangi, hupewa glasi kupitia vyuma vya geti. Hunywa akiwa nje, polepole, huigeuza, husema, "Nimekunywa. Nikianguka, msinikanyage," nao hucheka kama zamani. Halafu huirudisha glasi kupitia vyuma, na kurudi nyuma kabisa ya foleni kungoja ndoo yake. Kuna siku ambazo zamu yake ikifika mama hufunga koki na kumwambia, "Yameisha, wifi. Kesho." Maji hayajaisha. Siku hizi hayaishi.

Likizo iliyopita nilikwenda naye siku mojawapo aliyopewa maji. Nilishika upande mmoja wa ndoo, yeye upande mwingine, tukatembea bila kuongea, kwa kuwa mimi si mwongeaji na yeye ni mara chache kuniona kama mtu wa kuongea naye. Tulipofika kwenye magunia tukaitua. Alichota kidogo kwa kiganja, akanawa uso, akasukutua mdomo, maji yakamwagika meusi. Nilikuwa na swali moja tu.

"Shangazi, kwa nini bado unawanywea?"

Alifunika ndoo kwa kipande cha ubao, akaweka tofali juu yake.

"Ili siku nikiyatema, waamini."